Mpaka Aliouchora Tai

Wanyama walipofungua shule ya pili, Tai aliwagawa wanafunzi akiwa angani, akachora mpaka ulionyooka kama rula. Vifaranga wa Mama Kanga wakaangukia shule ya ng'ambo ya mto.

"Si mbali, Mama!" Tai akasema.

Mama Kanga hakubisha. "Basi kesho uwapeleke wewe, mzee. Ila kwa miguu."

Tai akakubali huku akicheka. Kesho yake, mtoni, maji yakamfika kifuani, akakunjua mbawa apae.

"Na wanangu je, wapae kwa mbawa gani?" Mama Kanga akauliza kutoka ukingoni.

Tai akawatazama vifaranga wakitetemeka ukingoni. "Kule juu niliuona mto huu kama uzi," akasema. Akaufuta mpaka wake, akachora mwingine palepale nyayo zao ndogo zilipokomea.

Mama Kanga akamtazama alivyojaa tope, akamwona mkubwa kuliko alipokuwa angani.