Zamu ya Jumamosi

Watu waliokuwa kwenye foleni ya soda nyuma ya jukwaa hawakuona kitu. Walisikia tu: injini nne zikinguruma kwa pamoja, mngurumo mkavu unaoingia kifuani kabla ya kuingia sikioni. Wakaacha soda, wakakimbilia viti.

Armel alikuwa kwenye mstari wa kuanzia, helmeti kichwani, roho juu. Pikipiki ya mbio hizi haina breki. Ina gia moja, hunywa spiriti badala ya petroli, na hukata kona za kushoto tu, tena kwa ubavu, mizunguko minne juu ya udongo mwekundu. Ukiiogopa, inakutupa. Armel hakuwahi kutupwa, na alikuwa amehakikisha kila Mrundi wa Haltom City, mji wao huku ughaibuni, anajua hivyo.

Kila mmoja isipokuwa Perpétue, mama yake.

Baba yake alifia juu ya pikipiki huko Kigoma, enzi za ukimbizi. Siku ya maziko Perpétue alimwapisha mwanawe kwamba hatapanda kitu hicho maadamu mama yake yu hai. Armel akaapa. Sasa kila Jumamosi aliaga kwamba anakwenda kazini, kwenye ghala la Grand Prairie.

"Ghala lenu linanuka spiriti," mama alimwambia siku moja, ameshika shati la kufua.

"Dawa ya sakafu, mama."

"Na huu udongo?"

"Malori."

"Haya."

Hakuuliza tena. Yeye mwenyewe alikuwa muuguzi, na Jumamosi alikuwa na zamu hospitalini. Alirudi hoi, viatu vimejaa vumbi. "Wanachimba maegesho," alisema, na Armel naye hakuuliza. Mtu anayejua kudanganya, alijiambia, hachokonoi maneno ya wenzake.

Leo wakubwa wa timu ya mbio ya Houston walikuwa jukwaani. Akishinda, wanamsajili. Mama akipata habari, basi, hata Houston haitamsaidia.

"Na ukianguka?" Mugisho, fundi wake, alikuwa amemuuliza wakati anakaza mnyororo. "Mama Perpétue tutamwambia nini? Boksi limekuangukia?"

"Sianguki."

"Weye kichwa ngumu! Shukuru yupo yule." Mugisho alielekeza spana katikati ya uwanja, kwenye gari la wagonjwa. Kando yake alisimama mtu mwenye barakoa, miwani ya vumbi na kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. "Mwaka jana walitaka kufuta mbio kwa kukosa mtu wa ambulensi. Huyo akajitolea. Haongei na mtu. Injini zikiwaka, anapiga ishara ya msalaba, basi."

"Mwambie alete gazeti asome," Armel alisema. "Kwangu mimi hana kazi."

Kamba za kuanzia mbio zikaruka juu. Armel akachomoka wa tatu, akalaza pikipiki hadi goti likabusu udongo, akampita mmoja kwa ndani na mwingine kwa nje. Jukwaa zima likasimama. Mzunguko wa mwisho aliumaliza peke yake, wenzake wanakula vumbi lake.

Alikuwa ameshinda. Angeweza kutulia. Lakini alitaka Houston wamwone vizuri, akainua mikono yote miwili.

Pikipiki isiyo na breki haina habari na sherehe. Ikaendelea na safari yake hadi kwenye uzio.

Alipofumbua macho aliona udongo tu, umeziba miwani yake yote. Masikio yalivuma. Goti liliwaka moto. Mikono miwili ilikuwa imemshika shingo, imara, haitetemeki.

"Mugisho!"

"Niko hapa, ndugu yangu. Usitikise kichwa. Wa Houston wanasema mkataba upo palepale, uta-sign ukiweza kusimama."

"Mama asijue. Niapie."

Mugisho alikuwa anamtazama mtu wa ambulensi, ambaye alikuwa ameshusha barakoa.

"Mugisho, niapie!"

"Nakuapia mimi, mwanangu," akasema mwenye ile mikono. "Mama yako hatajua. Ila leo ukifika nyumbani ukakuta sijapika, na wewe usiniulize nilikuwa wapi."