Mchanga wa Kipusa

Siku hizi kila paka hukojoa kwenye mchanga wa halmashauri. Figo zikifeli, mchanga hugeuka buluu, na gari huja kumchukua mgonjwa asirudi tena. Kwa hiyo Bi Mwanakombo alimzoesha Kipusa, paka wake mzee, kujisaidia kwenye beseni la majivu, kama bibi yake alivyokuwa akiwafuga paka wake.

Lakini sanduku la mchanga likaanza kulalama: "Paka wako hajakojoa tangu jana."

Bi Mwanakombo akajifungia chooni, akakojoa koponi, akaumimina mkojo wake sandukuni.

Mchanga ulitulia kidogo, halafu taratibu ukawa buluu.

Akajishika kiuno, pale palipokuwa pakimuuma tangu masika, naye akisingizia uzee.

"Mama," binti yake aliita mlangoni, "watu wa gari wamefika. Nipe huyo paka."