Soketi ya Nafasi Nne

Siku hizi soketi ya bafuni humwokoa mtu inayemjua tu. Mwingine akiigusa amelowa, shauri yake, umeme haukatiki.

Masoud aliisajili kwa kidole gumba chake, cha mkewe, na vya watoto wao wawili. Bi Kazija, mama yake, akanyoosha chake.

"Zimejaa, mama."

"Ipo ya nafasi tano," fundi alisema. "Ila ni pana kidogo."

"Itaharibu ukuta," mke wa Masoud akasema.

Kesho yake bomba lilipasuka, bafu likajaa maji, na hita bado imechomekwa.

"Mama!" Masoud aliita kutoka sebuleni. "Hebu kachomoe hita. Na uvue ndala, usichafue vigae."

Bi Kazija akavua ndala, akazipanga vizuri mlangoni, akaingia.