Sifa za Makokha

Wiki moja kabla ya usaili, Dolphine aliondoa ombi lake la kazi aliyoitamani tangu aingie benki, na asubuhi ya usaili akaenda kumfunga tai mwanamume aliyekuwa akiigombania kazi hiyo hiyo.

"Kaza kidogo," Makokha alisema, kidevu juu. "Kiongozi hafungi tai legelege."

Dolphine akakaza. Alikaza kuliko ilivyohitajika, lakini alitabasamu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuongoza timu mpya ya mikopo ya biashara, ambayo benki ilitaka kuianzisha Mbuya, upande wa pili wa Kampala. Wao walikuwa tawi la Nateete, wanne katika chumba kimoja juu ya duka la magodoro: Dolphine na Makokha, wote Wakenya, Opoka wa Gulu, mtu wa maneno machache, na Munirah, Mnubi wa Bombo, aliyekuwa na maneno ya kuwatosha wote.

Makokha hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya wangemshtaki, mambo yakaisha. Tatizo lake lilikuwa kusaidia. Alimsaidia Opoka kumhudumia mfanyabiashara mmoja wa mbao wa Ndeeba, mpaka mteja akawa wake. Alisahihisha barua pepe za Munirah zikiwa zimeshatumwa, akamnakilia meneja ili naye ajifunze. Kila Jumatatu aliwasimamisha duara, kila mmoja atamke leo atakuwa bora kuliko jana kwa njia gani. Hakuwa bosi wa yeyote pale. Ila alikuwa anakuja na mandazi, na ni vigumu kumfukuza mtu aliyekuletea mandazi.

Tangazo la Mbuya lilipotoka, wawili waliomba: yeye na Dolphine. Tawi zima lilijua nani angeipata. Mikopo aliyoitoa Dolphine ilikuwa inarudi, na wenye maduka walimsimamisha hata Jumapili akitoka kanisani, wakimwomba ushauri. Alikuwa ameshampigia mama yake Busia kumwambia amwombee.

Kisha Opoka na Munirah wakamwalika chakula cha mchana nyuma ya soko. Walikula ndizi za matooke kimya, jambo ambalo kwa Munirah lilikuwa ishara ya msiba.

"Ukienda wewe, dada," Munirah alisema mwishowe, "sisi tunabaki naye."

Opoka aliangalia sahani yake. "Akienda yeye," akasema, "tunabaki sisi."

Dolphine aliondoka pale amekasirika. Walikuwa wanamwomba aache mshahara, ofisi yenye mlango, na jina lake juu ya mlango huo. Lakini jioni, njia nzima ya kurudi nyumbani Makindye, alijiona Nateete bila Makokha, watatu wanacheka, dirisha wazi, kila mtu na wateja wake. Cheo kingine kingekuja. Wenzake kama wale wasingekuja tena. Akaandika makao makuu kwamba anaondoa ombi lake kwa sababu za kifamilia, na mama yake akamwambia kwamba Mungu ana mipango.

Baada ya hapo walifanya kazi kama watu wa kampeni. Dolphine alimfundisha Makokha asiwakatize wasaili wanapozungumza, na Makokha akamkatiza kumwambia kwamba hilo analijua. Munirah alimchagulia shati. Na Bi Goretti wa idara ya wafanyakazi alipowapigia simu mmoja mmoja kuuliza habari za mwenzao, kila mmoja alikuwa tayari.

Opoka, ambaye salamu tu zilimchosha, alizungumza mpaka chai yake ikapoa. Alisema hajawahi kuona mtu anayejali wateja wa wenzake namna ile. Munirah alisema Makokha akiondoka, hajui nani tena atawasimamisha kila Jumatatu. Dolphine alisema timu yao isingekuwa jinsi ilivyo bila yeye. Hakuna aliyesema uongo, na hilo liliwapa raha ya pekee.

Makokha akaipata kazi.

Ijumaa jioni wakamkaribisha muchomo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, kando ya barabara ya Masaka. Opoka alilipa bila kuombwa. Munirah alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Dolphine aliegemea kiti, akahisi mabega yake yanashuka kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Nyama ilipokwisha, Makokha alisimama, akashika chupa ya soda kwa mikono miwili. Alisema kwamba Bi Goretti alimsomea waliyoyasema. Nyumbani kwao yeye alikuwa mtoto wa tano, wa kutumwa na kusahauliwa. Shuleni walimkimbia, na kila kazi aliyofanya aliondoka bila kuagwa. Hakuwahi kusikia kwamba mtu amemsifu akiwa hayupo.

Munirah aliinamisha uso. Dolphine naye alipata aibu, aibu ya kweli, akajiuliza kama hawakumdhulumu mtu huyu kwa kumpenda kwa hila. Aliwaza kwamba siku moja moja wangeweza kumtembelea huko Mbuya.

"Mimi si mtu wa kusahau wema," Makokha alisema. "Niliwaambia makao makuu kwamba ile timu mpya wasihangaike kuitafuta, kwamba siendi Mbuya bila watu wangu. Leo mchana wamekubali. Tunahama wote. Dolphine, wewe nimekuombea uwe msaidizi wangu."