Kumbukumbu ya Kemilembe

Katika chuo cha ukunga, hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kumgusa mjamzito kabla ya kupewa kumbukumbu ya uchungu wa kuzaliwa kwake mwenyewe, kutoka kichwani mwa mama yake. Kumbukumbu hiyo ikishatolewa, haikurudi tena kwa mama.

Kemilembe alifika chuoni asubuhi ya mvua, akavua kilemba, akalala kitandani. Binti yake, Kokushubira, alilala kitanda cha pili.

"Mama, bado unaweza kukataa."

"Nimekusomesha tangu chekechea, nije nikuangushe hapa? Tulia, mwanangu."

Kofia za nyaya walizovishwa vichwani zikaanza kuvuma kama nyuki. Kemilembe aliona bati likinyeshewa, mkono wa wifi yake, kichanga kikilia. Kisha vyote vikafifia polepole, kama ndoto ya mtu anayeamka. Alipoketi, alijisikia mwepesi. Binti yake alikuwa akibubujikwa machozi.

"Mama, kumbe uliniita kwa jina hata kabla sijatoka!"

"Eti?" Kemilembe akatabasamu. "Nilikuitaje?"

Miezi ikapita. Wajawazito walimwulizia Kokushubira, mkunga asiyefoka, na Kemilembe aliwasimulia majirani kwa fahari.

Likizo ilipofika, binti aliingia na begi lake. Kemilembe alilijua jina la bintiye, masomo yake, hata anavyopenda senene wa kukaanga. Alimtafuta usoni mtoto aliyemzaa, asimwone, kisha akaenda kabatini, akatoa kikombe cha wageni na kukipangusa.

"Karibu," akasema kwa adabu. "Karibu sana. Jisikie uko nyumbani."