Mkanda wa Mfalme Kiboko

Nilikuwepo, sikusimuliwa na mtu. Chatu alikuja kudai deni la serikali, akasema asipolipwa siku hiyohiyo atamla Kuchakulo, yule kindi muuza karanga.

"Fungueni soko, kila mtu auze chake, deni litalipika!" akalia Kuchakulo.

"Soko lako litanenepesha mashavu yako tu," Kobe akambeza. "Serikali ipunguze karamu. Mfalme afunge mkanda!"

Mfalme Kiboko akakitazama kitambi chake. "Mkanda wa kunienea mimi uko wapi, mzee Kobe?"

Chatu, kwa tamaa ya kulipwa upesi, akadakia, "Nipo mimi, mtukufu!" Kiboko akabana pumzi, Chatu akamzunguka kiunoni na kung'ata mkia wake mwenyewe. Kiboko alipoachia pumzi, tumbo likafutuka, Chatu akavutika nusura akatike.

"Nifungueni! Deni nimelifuta!"

Kuchakulo akamwangukia Kobe miguuni. "Ahsante, babu. Nimeokolewa na sera niliyoipinga."

Mpaka leo wanabishana kila siku ya gulio, na Kobe hula karanga za Kuchakulo bure.

Mkiniuliza Chatu alipayukaje na mkia mdomoni, basi, hapo pa kung'ata mkia nimeongeza mwenyewe.