Maji Juu ya Mshono

Shemeji yake fundi wa kulehemu, msimamizi wa karakana, aliinua ndoo akaumwagia maji mshono wa boriti ya chuma uliokuwa bado mwekundu.

"Nani kakutuma?" fundi aliuliza. Alishaandaa majivu ya kuufunika upoe taratibu, maana chuma kikipozwa ghafla hubaki kimejikaza ndani kwa ndani.

"Lori linasubiri, shemeji. Hii ni boriti ya paa la darasa, si mtoto wa kubembelezwa."

Boriti ikalia, ta, kama kifundo cha kidole kinachoalika. Ufa mwembamba kama unywele ukakimbia kando ya mshono.

"Paka rangi," shemeji akanong'ona.

Damu ilimchemka fundi. Watoto wa watu wakae chini ya ufa huu? Akawasha grainda, akaikata boriti katikati, dereva wa lori akitazama.

Akamgeukia shemeji. "Haya, ipake."